Beseni Lililofunikwa

Juzi, kwenye maonyesho ya sanaa, niliona mabeseni ya maji yaliyomulikwa kwa taa, mwanga ukichezacheza ukutani. Ghafla nikasikia harufu ya moshi wa Benaco, kambi ya wakimbizi iliyokuwa jirani na kwetu nilipokuwa mtoto.

Mchana mmoja wa siku zile, kijijini kwetu Mabawe, mama mmoja mkimbizi kutoka nchi jirani alikuja kuomba maji. Bibi akamtengea beseni uani anawe miguu. Jua likapiga majini, mwanga ukacheza ukutani, nami nikapiga makofi. Yule mama akafungua kitenge chake cha begani, akalifunika beseni.

“Bibi, anaogopa maji?”

“Amevuka mto, mjukuu wangu. Nyamaza.”

Nilidhani alikaribia kuzama. Sikujua kwamba mto ule nao ulimeremeta hivyohivyo, ukipitisha maiti za watu wake waliouawa.

Kwenye maonyesho watu walikuwa wakipiga picha. Mimi nilikuwa nimeshavua mtandio, nikilisogelea beseni.