Majina ya Khitma ya Mama

Mwezi wa Shaabani uliopita ulikuwa wa kwanza bila mama. Miaka yote ndiye aliyetunza majina ya marehemu wetu wa kuombewa dua kwenye khitma, hapa Pangani. Aliyaandika kwenye karatasi ya mfuko wa saruji, maana miaka ile ya foleni hata daftari lilikuwa haba. Karatasi hiyo bado inanukia udi wa sanduku lake.

Mimi, wa darasa la saba na kompyuta yangu ya mtumba, nikajitia ujuzi. Niliyaingiza majina kwenye faili la XML, lipangalo taarifa kwa ngazi: kila marehemu na jina lake, na ndani yake majina ya watoto aliowaacha. Kisha nikaandika njia ya XPath, yaani agizo kwa kompyuta, ya kuchagua jina lililo moja kwa moja chini ya marehemu. Hapo ulitakiwa mkwaju mmoja, kile kistari cha mshazari (/). Niliweka miwili, na miwili huzoa kila jina mpaka la ndani kabisa. Nikaona jina la mama mstari wa kwanza, machozi yakanilenga, nikachapisha bila kusoma zaidi.

Siku ya khitma nilisimama mlangoni na birika la kahawa. Maalimu akafungua karatasi.

"Zaituni binti Kombo."

Tukaitikia, "Mungu amrehemu."

"Athumani bin Rajabu."

Tukaitikia tena. Nami niliitikia, kwa sauti, kabla sijatambua kuwa huyo ni mimi.

Shangazi akasema nyuma ya pazia, "Maalimu, maiti wako huyo hapo mlangoni, kashika birika."