Sentensi Niliyoikata Kwenye Utabiri wa Vuli

Habari ilinifikia nyumbani Miembeni asubuhi, kwa simu ya binti wa mzee rafiki yangu. Alinisalimia kwa utaratibu, akauliza hali ya wanangu, kisha akasema, "Mzee ametutoka. Ameteleza kwenye njia ya bondeni, alikuwa anakwenda kusoma kipimo chake." Wasomaji wangu wa siku nyingi wanamfahamu mzee huyu bila kulijua jina lake, maana kila mwaka vuli inapokaribia nilikuwa naandika hapa kwamba nimezungumza na mpima mvua wa kijiji cha Buganguzi. Ndiye huyo. Nimeipokea habari hii vibaya, na kabla sijamaliza mtajua kwa nini.

Hakuwa mwajiriwa wa mtu. Alistaafu ualimu wa shule ya msingi, akapewa kipima mvua akisimike uani kwake, na tangu hapo kila siku saa tatu asubuhi aliyamimina maji ya jana yake kwenye bomba la kioo, akainama kuyasoma, akaandika daftarini. Alikuwa mbishi kweli. Utabiri wa vuli ulipotangazwa mwishoni mwa kiangazi, aliusikiliza redioni amekunja uso, halafu akanipigia simu kulalamika. "Wamesema mkoa. Mkoa gani, waitu, ndugu yangu? Mimi hapa mlimani nimevaa sweta, bondeni wanakohoa vumbi." Na ndivyo nchi yetu ilivyo. Mawingu ya ziwani huupanda mgongo wa mlima na kuishusha mvua yao kwenye migomba ya juu, na yakivuka kwenda bonde la nyuma yanakuwa yamebaki mepesi. Majirani wanaotembeleana kwa miguu na kurudi kabla ya chakula cha mchana wana misimu miwili tofauti. Kwa sababu hiyo alisimika kipimo cha pili huko chini, kopo la bati tu, pembeni ya kibanja cha migomba cha mama mmoja mjane. Akishamaliza cha juu, alishuka na daftari lake kusoma cha chini, akapanda tena, kila siku, na magoti yake yale mabovu.

Sasa nifike kwenye jambo langu. Miaka michache iliyopita, vuli ilipoanza, aliniambia kwenye simu maneno ambayo niliyaandika kama alivyoyatamka: "Mlimani mvua imekaa sawa, pandeni maharage. Bondeni subirini, udongo bado mkavu chini." Jioni hiyo nikaarifiwa gazetini kwamba nafasi imepungua, nipunguze mistari miwili. Safu ile nilikuwa nimeijaza mbwembwe zangu kuhusu harufu ya udongo na senene, wale panzi watamu, watakaokuja, na mbwembwe zile nilizipenda. Nikaziacha. Nikaikata sentensi yake ya pili.

Jumapili safu ilisomwa kanisani huko bondeni wakati wa matangazo: mpima mvua amesema pandeni. Akina mama wakatoa mbegu walizokuwa wamezihifadhi na majivu, wakapanda kwa manyunyu ya siku moja. Maharage yakachipua, jua likawaka, yakanyauka yote. Mvua yao ilipokuja kweli, hawakuwa na mbegu. Mwaka ule bondeni walikula ndizi tupu, na wenye migomba michache hawakushiba.

Nilipanda basi kwenda kumwona. Nilimkuta akifuta bomba lake la kioo kwa kanga ya mkewe. Nikamwambia nimekosea, nitaandika kusahihisha.

"Andika," alisema.

"Wiki ijayo."

"Sawa. Mimi sitazunguka kijijini kujitetea. Wewe ndiye unayesomwa."

Sikuandika. Wiki ya kwanza nilikuwa na mada nyingine, ya pili niliona aibu, na baada ya hapo nikajiambia kwamba watu wamekwishasahau. Hawakusahau. Gulioni walimwita mwongo wa mvua mbele ya wajukuu zake. Msimu uliofuata bado alinipigia simu, akanipa utabiri wake kama kawaida, na jambo lile hakuligusa hata siku moja. Ningependelea anitukane.

Alfajiri ya siku ya mazishi vuli ilifika, mvua nzito iliyolowesha hadi huko bondeni. Kila aliyekuwa msibani alijua kwamba hiyo ndiyo siku ya kupanda. Lakini kwetu msiba ukiwa umekaa jembe halishikwi mpaka familia iruhusu, kwa hiyo watu wa bondeni walipanda mlima wakiwa na matope miguuni, wakakaa chini ya turubai na sisi. Yule mama mjane alikaa karibu nami. Nikamwambia leo ingekuwa siku ya mbegu.

"Ni leo," alisema. "Mwenyewe alituambia majuzi tujiandae, kwamba safari hii itafika mpaka kwetu."

"Mliendelea kumwamini?"

"Ule mwaka alituumiza, waitu. Wanangu waliumia. Lakini aliendelea kushuka kwangu kila asubuhi kusoma kile kikopo, hata nilipokuwa simwitikii salamu. Nikaona huyu alikosea tu. Nilimsamehe. Sikupata kumwambia."

Maneno yalikuwa mdomoni mwangu. Nikaletewa kikombe cha chai nikanywa, na mama yule akaendelea kumsamehe marehemu kosa langu. Baada ya maziko binti alinionyesha madaftari. Nikautafuta mwezi ule. Upande wa mlima una tarakimu, upande wa bonde ni sifuri, sifuri, ukurasa mzima. Kwenye Jumatatu iliyofuata yale matangazo ya kanisani, mzee ameongeza neno moja mbele ya sifuri: "Wamepanda."

Ninapoandika haya ni siku ya tatu tangu mazishi. Jua limewaka tena bondeni na majembe bado yako ndani kwa heshima yake. Nimejifunza, kwa kuchelewa, kwamba utabiri usiomwambia mtu amesimama upande gani wa mlima unaweza kumlaza njaa, na kwamba anayeufikisha ana dhima sawa na anayeupima. Basi safu hii ikisomwa tena kwenye matangazo, namwomba msomaji asiruke mstari. Mama, mpima mvua hakukosea. Aliwaambia msubiri, mimi nikamkata.