Maji ya Jiwe la Baba

Kila asubuhi, kabla upepo wa bondeni haujaamka, Dhanmaya Gauchan aliliogesha jiwe la baba yake. Lilikuwa jeusi, laini, la ukubwa wa ngumi, ambalo babu aliliokota katika mto Kali Gandaki, uliopita bondeni mwao. Ndani yake mlikuwa na konokono wa bahari wa kale, aliyejikunja akageuka jiwe. Hakuna aliyewahi kumwona, na hakuna aliyehitaji kumwona. Jiwe la namna hiyo ni takatifu, halipasuliwi. Huogeshwa tu, na maji yake ndiyo tone la mwisho kinywani mwa mtu anayekufa.

Kisha mdogo wake, Purna, akajenga nyumba ya wageni katika mji wa Jomsom, akaja kuliomba.

"Acha libariki mlango wangu, dada. Msimu mmoja tu."

Dhanmaya, mjane aliyerudi kwao bila mtoto, hakuwa na mwingine wa kumwamini. Akalifunga katika shali ya marehemu mama yao, akampa.

Msimu ukawa misimu. Sasa baba yao alikuwa amelala kando ya jiko, macho yameingia ukungu, akiuliza neno moja: "Maji yangu tayari?"

Purna alifika na jiwe, anahema.

"Mbona linanuka dawa?" Dhanmaya aliuliza.

"Moshi wa wageni huo. Wewe nawe kwa kunusanusa!"

Dhanmaya akalishika juu ya sahani ya shaba, akamimina maji ya uvuguvugu. Yakazama katika mstari mwembamba kama unywele uliolizunguka jiwe. Gundi ikalegea, na jiwe likafunguka kiganjani mwake. Konokono akawa wazi, nusu huku, nusu huku, amesuguliwa mpaka anang'aa.

"Umelikata," alinong'ona.

"Wageni walitaka kuona, dada." Purna naye alinong'ona. "Nililiweka ndani ya kabati la kioo, nikawaeleza: mabamba mawili ya ardhi yaligongana, bahari iliyokuwa katikati ikafinywa mpaka ikaisha, sakafu yake ikakunjwa, ikapanda, ikawa milima hii. Walinyamaza wote wakanisikiliza. Nani mwingine amewahi kunisikiliza?"

"Mimi."

Purna aliinamisha macho. "Libane tu. Baba haoni."

"Maji," baba aliita.

Dhanmaya akaziunganisha nusu mbili, akazibana kwa mikono yote miwili juu ya kinywa cha mzee.

"Mimina," alimwambia Purna bila kumtazama.

Baba akameza. "Yananuka dawa, mwanangu."

"Moshi wa jiko, baba."

"Ndilo lenyewe?"

Dhanmaya alimtazama mdogo wake, ambaye alikuwa akimsihi kwa macho.

"Ndilo, baba."

Mzee alikata roho upepo ulipoanza kupiga madirisha. Waliuchoma mwili wake kando ya mto, kwa desturi yao, chini ya ukuta wa mlima ambao matabaka yake yamekunjwa kama shuka lililosukumwa miguuni. Majivu yalipopoa, Dhanmaya alimtilia Purna nusu ya jiwe mkononi.

"Kawaonyeshe wageni wako."

"Dada, nisamehe. Tuligundishe upya, likae kwako."

"Jiwe ningekusamehe. Lakini umenifanya nimdanganye baba akiwa anakufa."

Akaifunga nusu yake katika shali, akaanza kupanda kuelekea kijijini. Purna alimwita kwa jina lake la utotoni. Upepo ulikuwa mkali, lakini Dhanmaya alisikia. Hakugeuka.