Dawa Aliyokuja Nayo Mjomba

Mimi ni fundi cherehani Kihonda, na nyuma ya nyumba yangu anaishi farasi. Watu hudhani natania. Mume wangu alikuwa mtunza farasi kwenye shamba moja nje ya mji, na mwenye shamba alipohama alimwachia jike mmoja mwekundu, mtu mzima tayari. Siku za Idi hubeba watoto, mara mojamoja humbeba bwana harusi anayetaka makubwa, na siku zilizobaki anakula tu. Mwaka jana mume wangu alipata kazi ya kuendesha lori la safari ndefu, akaniachia mnyama pamoja na agizo moja: ukiona kitu hukielewi, mwite daktari wa mifugo, usiulize mtu mwingine yeyote. Nikamjibu kwamba mimi si mtoto.

Baada ya sikukuu ya Idi niliona manyoya yamenyonyoka pale shingo inapokutana na mgongo, sehemu mbili, kila upande moja, upana wa kiganja. Ngozi ilikuwa na magamba, na nikiigusa alirudisha masikio nyuma. Nikaingiwa na hofu ambayo haikunitoka. Ni kupe? Ni utitiri? Na kama ni upele wa kuambukiza, wale watoto wote waliompanda? Nilikuwa nakaa kwenye cherehani nashona mkono wa gauni la mtu huku mgongo wangu mwenyewe unaniwasha. Nilichoweza kufanya ni kukunja kipande cha godoro na kukiweka chini ya tandiko, ili limlalie laini. Nilijiona nina huruma kweli.

Ningemwita daktari wiki ile ile, lakini mjomba akafika kutoka Kinole na ndizi zake na mdalasini wake. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Huyu ndiye aliyekubali posa yangu, ndiye aliyemzika mama yangu, na sijawahi kumsikia mtu wa ukoo wetu akimwambia hapana. Alimzunguka farasi mara mbili, mikono nyuma. "Hawa ni wadudu," akasema. "Ng'ombe wangu walikuwa hivi hivi." Kisha akatoa kwenye mfuko chupa ya soda yenye dawa ya kuogeshea ng'ombe.

Wakati anaikoroga kwenye ndoo yangu, akanikumbusha habari za punda wake. Alikuwa na punda wa kuteremshia ndizi hadi barabarani, akafa mwaka juzi, siku mbili tu baada ya kuogeshwa akapendeza. Mjomba alisema aliuawa na jicho la jirani, maana jirani alisimama njiani akamsifia. Tangu hapo wanapishana kwenye kijia kimoja bila salamu. "Mnyama mzuri hakai kwenye macho ya watu," akasema. Nilikumbuka agizo la mume wangu, wallahi nililikumbuka, lakini mdomo ukasema, "Sawa, mjomba."

Tulimpaka Ijumaa. Jumapili asubuhi tukampaka tena, kwa kuwa mjomba aliona ya kwanza haikukolea.

Saa tano nikaenda kumpa majani, hakuyatazama. Alikuwa ameinamisha kichwa kama anasinzia, kisha akageuka kuangalia ubavu wake, akaparura chini kwa kwato, akalala, akainuka, akalala tena. Kifua chake kilikuwa kimelowa jasho. Nilimpigia daktari. Kumpigia mume wangu sikuthubutu. Ningemwambia nini, kwamba nimemuua?

Daktari alikuja na pikipiki, binti mdogo kuliko kifungua mimba wangu. Alimwamkia mjomba shikamoo kwa adabu zote, kisha akamwekea farasi kipimo ubavuni na kusikiliza muda mrefu. "Tumbo limenyamaza," akasema. "Mama, amekula nini tofauti? Amenyweshwa au kupakwa dawa yoyote?"

Mjomba alikuwa amesimama mlangoni mwa banda. Hakuniangalia, na mimi sikumwangalia. Nikasema, "Tumemwosha tu kwa sabuni."

Nisameheni. Kumwanika mjomba mbele ya mtoto wa watu, akiwa mgeni kwangu, lilikuwa jambo ambalo sikulelewa nalo. Daktari akafungua begi lake akitafakari, na mimi nikawa najua kwamba anatafakari gizani kwa sababu yangu. Mara farasi akapiga magoti, akaguna. Nikamkumbuka mama, alivyozoea kusema mficha maradhi kifo humuumbua.

"Nimekudanganya, daktari," nikasema. "Amepakwa dawa ya ng'ombe, mara mbili, ya mwisho leo asubuhi. Mjomba ndiye aliyeileta, na mimi ndiye niliyekubali."

Hakunigombeza. Alikwenda kunusa ile chupa, akakunja uso, akadai maji mengi na sabuni upesi. "Ipo dawa ya kupe ambayo ng'ombe anaivumilia," akasema huku tukisugua, "lakini farasi inamsimamisha matumbo. Na hii bado inaingia kwenye ngozi." Kwa hiyo muda wote ule niliokaa kimya kulinda heshima, ilikuwa inaingia. Akamchoma sindano, akampitishia mpira puani na kumimina mafuta hadi tumboni, kisha akaniambia nimtembeze polepole, tusubiri choo.

Sijawahi kusubiri mavi kwa dua namna ile. Mjomba alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, ametazama ukuta. Nilijua ananihesabia maneno yangu, na kwamba safari ijayo nitasomewa mashtaka mbele ya ukoo. Nikazunguka na farasi uani, nikirudi pale pale, huku nikimbembeleza kwa jina analoitwa na mume wangu, jambo ambalo huwa nalionea aibu.

Katikati ya kusubiri, daktari alivichunguza vile vidonda. "Hapa hakuna kupe wala utitiri, mama. Leta tandiko." Akamwekea taratibu, akajaribu kupitisha vidole chini yake pande zote mbili, vikagoma, pale pale penye vidonda. Tandiko lilikuwa la farasi mwembamba kuliko huyu. Nikamwonyesha kipande changu cha godoro, nikitegemea kusifiwa.

"Kiatu kikikubana," akauliza, "ukiongeza soksi kinalegea?"

Utepe wa kupimia ulikuwa unaning'inia shingoni mwangu. Kila siku napima migongo ya watu, na huyu sikumpima hata mara moja. Niliuvua nikautia mfukoni.

Alasiri farasi akasimama, akainua mkia. Yalidondoka mavi machache, magumu, yanang'aa mafuta. Nililia mbele ya watu wazima. Daktari akasikiliza tena tumbo, akasema limeanza kuzungumza, ila tusimpe majani mpaka arudi kesho asubuhi.

Alipokuwa anafunga begi, mjomba akainuka. Ilikuwa mara ya kwanza kufungua mdomo tangu nimtaje.

"Daktari, na punda?"

"Punda ni ndugu yake farasi, mzee. Naye hapakwi hiyo. Kwani una punda?"

"Nilikuwa naye," mjomba akasema.

Aliokota ile chupa ya soda, akamkabidhi daktari. Pikipiki ilipoondoka alibaki amesimama uani, kofia mkononi, nami nikangoja nisomewe. Akaniambia, "Mpwa wangu, kesho farasi akiamka salama, nisindikize Kinole. Kuna mlango nataka kupiga hodi, na nikienda peke yangu nitageuzia njiani."