Nilikiponda kitabu nisichokisoma, kumbe ni cha rafiki yangu

Admin, shukran kwa kukubali kunificha. Na nyinyi mnaosoma, nitukaneni mkipenda, lakini mkimaliza mnisaidie, maana mimi nimefika mwisho.

Nina miaka thelathini na mbili, mama wa mtoto mmoja, naishi mtaa wa Fedha, Nairobi, na mume wangu. Nauza nguo za watoto katika soko la Gikomba. Pia nina ukurasa mtandaoni wa kuhakiki vitabu. Niliuanza nikiwa na mimba, nilipoambiwa nilale kitandani tu. Wakati huo nilikuwa nasema kweli. Kitabu kibaya nilisema ni kibaya, na watu wakanipendea hilo.

Mwaka jana alinitafuta mchapishaji mmoja. Alijua nina muswada wa riwaya niliohangaika nao miaka mingi, kila mahali naambiwa nisubiri. Akaniambia, "Dada, mimi nitakuchapishia. Lakini na wewe unisaidie." Msaada wenyewe ulianza kidogo, kuvisifia vitabu vyake. Vingine sikuvimaliza, nikavipa nyota tano. Nilijiambia, si kila mtu anafanya?

Halafu akanitumia picha ya kitabu kimoja, jalada la mbele na la nyuma. Riwaya ya mwanamke asiyejulikana, amejichapishia mwenyewe, na watu wameanza kuikimbilia kuliko ya mwandishi wa mchapishaji huyo. "Hiki kishushe," akasema. Nikafungua akaunti tano za majina ya uongo. Sikusoma hata ukurasa mmoja. Nyuma ya jalada palisema mwandishi ni mjane, ameandika kwa kumkumbuka mumewe, basi nikashika hapo hapo. Niliandika, "Mwanamke huyu amegeuza kaburi la mumewe kuwa duka." Nakumbuka nilicheka kidogo kwa jinsi sentensi ilivyokaa vizuri. Mungu anisamehe. Watu wakaidaka, wakaisambaza, wakaongeza matusi yao. Haikuchukua wiki mbili, kitabu kikawa kichekesho.

Sasa, kibanda changu kinapakana na cha Mwanaidi. Hilo si jina lake. Ni zaidi ya dada kwangu. Mumewe alipofariki nilikwenda kwake Njiru kila jioni mpaka akamaliza eda. Asubuhi moja nikamkuta amekaa juu ya belo lake la mitumba, hajalifungua, macho yamevimba. Akanipa simu. "Mama Yusra, hebu soma hii."

Yalikuwa maneno yangu.

"Hicho kitabu ni changu," akasema. "Nilitumia jina lingine. Nilikuficha makusudi, kwa sababu ungejua ni mimi ungenisifu kwa urafiki. Nilitaka ukifikie mwenyewe, useme kweli. Wewe ndiye mtu mkweli ninayemjua."

Nikamkumbatia ili asione uso wangu. Huku nimemshika, akaendelea, "Na ninamjua aliyeandika. Ni wifi yangu."

Wifi yake, dada wa marehemu, ndiye aliyekuwa akiishi naye na kuwalea mapacha wa Mwanaidi ili yeye aje sokoni. Waliwahi kugombana, na wifi akamwambia, "Unalia nini kila siku, kaburi halimrudishi mtu." Neno hilo la kaburi ndilo lililomponza. Mwanaidi alikuwa amekwisha kumfukuza usiku uliopita. Nilipaswa kusema pale pale. Mdomo ulifunguka, nikajisikia nikisema, "Pole, dadangu."

Nikaenda nyumbani nikafuta kila nilichoandika, lakini watu walikuwa wamepiga picha zamani. Kisha nikakinunua kitabu na kukisoma, siku moja tu, mtoto analia nisimsikie. Ni kizuri, jamani. Ni kizuri kuliko changu.

Nilimpigia yule mchapishaji nikamwambia nataka kusema ukweli. Akanijibu bila hata kupandisha sauti, "Sema. Jumbe zako zote ninazo. Ukinichoma, tunaungua wote." Mume wangu naye anasema ninyamaze, yatapita.

Hayapiti. Mapacha sasa wanashinda pale kibandani kwenye vumbi la mitumba, na mmoja ana pumu. Wiki iliyopita alibanwa kifua mpaka midomo ikabadilika rangi, tukamkimbiza zahanati mimi na mama yake. Alipona, lakini njiani Mwanaidi alikuwa akirudia, "Yote haya ni kwa sababu ya yule mwanamke." Mimi nimempakata mtoto.

Wifi mwenyewe amejihifadhi kwa jamaa zake. Hunipigia akilia. "Mama Yusra, wewe anakusikia. Mwambie wallahi si mimi. Mimi hata kuandika huko mtandaoni sijui. Nawataka watoto wa kaka yangu." Nami humwambia nitajaribu kuzungumza naye. Nimemwambia hivyo mara nne.

Mwanaidi ameacha kuandika. Kitabu cha pili alichokuwa amekifikisha katikati amekitia jikoni, akakichoma pamoja na makaa. Aliniambia kama mtu anayesimulia habari za hali ya hewa.

Na changu kimetoka. Jumamosi hii kinazinduliwa. Mwanaidi ndiye anayepika pilau, na ameomba yeye ndiye asimame mbele ya watu anizungumzie. Jana alinisomea atakachosema. Anasema katika dunia hii ya waongo, amebahatika kuwa na rafiki mmoja asiyeuza neno lake.

Nikimwambia, nampoteza yeye, ukurasa, kitabu, labda na ndoa. Nisipomwambia, yule wifi anabaki na dhambi yangu, na wale watoto wanabaki kwenye vumbi. Usingizi sina, hata swala naiswali nikiona haya.

Ndugu zangu, mama zangu, aliyewahi kumuumiza mtu anayempenda hivi, aliyatamka vipi maneno ya kwanza? Nishaurini kabla ya Jumamosi, nifanyeje?