Kimashine cha Babu wa Geti la Kijani

Nianze na ujinga wangu, kwa sababu mtausikia tu. Siku moja kabla ya kumzika jirani yetu, wakati wanaume wako makaburini wanachimba na kina mama wako uani wanachambua mchele, mimi nilijifungia kwenye stoo ya marehemu, nikavaa miwani ya jua ya kaka yangu, nikawasha mashine ya kuchomelea ya marehemu. Nilitaka kumtengenezea msalaba. Kazi hiyo alikuwa ameshapewa mtu mwingine, na ndiyo sababu hasa niliitaka. Najua ninyi mnaosoma safu hii kwenye ubao wa matangazo, huku mkijifanya mnatafuta ratiba ya mitihani, mmezoea nikiwaandikia habari za maharage ya shule na suruali ya mwalimu wa zamu. Wiki hii maharage yamepona. Babu wa geti la kijani, mtaani kwetu Ipagala, amefariki, na mimi nina macho mekundu ya kuyatolea maelezo.

Alikuwa dereva mstaafu wa serikali, Mgogo wa kijijini kule mbele ya Kibaigwa, mtu ambaye ukimwamkia anaitikia marahaba halafu anakuongezea "mbukwa" yake ya Kigogo, ili usisahau umefika kwa nani. Wenzake walipostaafu walinunua bodaboda na kuku. Yeye alirudi kutoka mjini na boksi, ndani yake kimashine cha kuchomelea cha bei ya chini, hakizidi begi la shule, kina mkanda wa kuning'iniza begani kama mkoba wa mama anayekwenda kanisani. Fundi wa barabarani, mwenye mashine kubwa ya kusukumwa kwa matairi, alikuja kukitazama, akacheka mpaka akatafuta ndoo ya kukalia. Akasema hicho ni cha kuchomea mahindi. Na kweli, mwanzoni ilikuwa aibu. Kimashine kikifanya kazi kidogo kinapata joto, kinawasha kijitaa cha njano na kugoma, na Babu anakaa pembeni yake na kikombe cha chai, anakisubiri kama mtu anayesubiri ng'ombe amalize kunywa maji. Jioni, mtaa mzima ukiwa unapika na umeme umelegea, hakikubali kabisa. Lile geti la kijani alilichomelea mwenyewe, na mpaka leo halifungi bila kupigwa bega. Lakini kichanja chake cha mizabibu, ambacho nacho kimepinda, kila msimu kinabeba zabibu, na sisi wa ng'ambo ya barabara kila msimu tunazitazama.

Nilikitaka kile kimashine kuliko nilivyowahi kutaka simu. Nilimsumbua mama mpaka siku moja akavuka barabara kwenda kuuliza kama kinafaa kununuliwa, maana mama yangu ni mtu wa kuuliza kabla ya kununua hata kiberiti. Nikamfuata. Babu hakukisifia. Alimwambia mama kwamba anayetaka kuishi kwa kutengeneza mageti asiguse kitu kama hiki, chuma kinene hakikiwezi, umeme dhaifu hakiutaki, na mwenye haraka kitamtia wazimu. Halafu akamuuliza, "Kwanza niambie, mama, unataka kuunga nini?" Mama akafikiri, akataja kitanda kimoja na banda la kuku. Babu akamwambia hayo ayapeleke kwa fundi wa barabarani, atacheka lakini atayafanya. Mama naye akamrudishia swali: wewe je, ulitaka kuunga nini? Ndipo akatueleza kwamba mama yake mzazi alizikwa kijijini na msalaba wa mti, na mchwa wa huku kwetu mnawajua, hawaachi mti wala hawamheshimu marehemu. Aliporudi kwenda kusafisha kaburi hakuukuta. "Niliweka maua, nikasali, nikaongea sana," alisema. "Baadaye ndugu wakaniambia nilikuwa naongea na mama wa watu." Tangu akinunue kile kimashine, mtaani kwetu mtu akifiwa haulizi. Asubuhi ya maziko anakuta msalaba wa chuma umeegemezwa ukutani kwake, umepakwa rangi nyeupe, na hatozwi kitu. Jirani Mwislamu alipofiwa na baba, Babu alikwenda kuunga miguu ya jeneza la msikiti iliyokuwa inalegea, ili mzee wa watu asiyumbe njiani.

Sasa tuje kwenye kinachoniuma. Kuna binti wa darasani kwetu, anakaa dawati la mbele yangu, alikuja kutoka kijijini akaishi kwa shangazi yake nyuma ya nyumba ya Babu. Huyo ndiye aliyefundishwa. Mimi nilikuwa nimeishi ng'ambo ya lile geti tangu nanyonya, nikisubiri kuitwa. Yeye alifika, akagonga, akasema naomba unifundishe, na Babu akampa ngao ya uso. Mambo yakaishia hapo, hakuna siri nyingine wala upendeleo, na ndiyo maana yanauma zaidi. Kila Jumamosi nilikuwa nasikia ule mlio kama mafuta ya kukaangia, naona mwanga wa bluu juu ya ukuta, na mimi niko kwenye ngazi zetu nasugua viatu vya shule ambavyo vimeshang'aa. Darasani nikambandika jina la Mama Geti, nikitegemea litamkera. Akalipenda. Akaliandika kwenye begi lake kwa herufi kubwa.

Nimekaa na macho yangu yaliyofungwa kitambaa nikawaza kwamba huenda wivu ndio unaoujenga mji huu. Tembea kutoka Area D mpaka huku kwetu: jirani akiinua ukuta, wewe unaongeza tofali mbili juu ya wake, akiweka geti la maua, unataka la simba. Zamani chuma kilikuwa cha fundi na sisi tulikuwa wateja. Siku hizi mtu yeyote anaingia dukani, anatoka na boksi, na jioni anajiita fundi. Hilo si baya. Ila mashine ndiyo iliyoshuka bei, kujifunza bado kuna bei ya zamani, na mimi nilitaka kupita mlango wa nyuma.

Basi nikapita mlango wa nyuma. Bibi, mjane wa marehemu, alikuwa amempa yule binti kazi ya msalaba. Binti akavikata vyuma vizuri, akavipanga juu ya meza ya stoo, akaenda kununua rangi. Nikaingia. Nilipochomeka waya na kugusisha kijiti cha kuchomelea kwenye chuma, spika ya kwaya pale nje ikakohoa, na mwimbaji akashuka sauti kama anayezama kisimani. Nikasikia mama mmoja analaumu umeme. Kijiti kikanata. Nikakivuta, kikaja na chuma na meza ya chini yake. Nikajaribu tena na tena, nikisogeza uso karibu ili nione vizuri, na kila mwanga ulipolipuka nilijiambia miwani inafanya kazi. Nilichopata kilifanana na mavi ya mbuzi yaliyopangwa na mbuzi mwenyewe, na msalaba ukainamisha mkono mmoja kama unasimamisha bajaji. Nikasikia geti linapigwa bega, nikazima, nikaruka dirisha.

Kulipopambazuka nilikuwa na mchanga machoni, tena mchanga wa moto. Ungemwona mtu huyu kwenye maziko ungemhurumia. Machozi yalinitiririka kuanzia kanisani mpaka makaburini, hayana kituo, na kina mama wakanizunguka. "Mwacheni alie," mmoja akawaambia wenzake, "alimchukua kama babu yake wa damu." Wakanipeleka mbele pamoja na wanafamilia, nikatupa udongo kabla ya wapwa wa marehemu. Yule binti alikuwa amesimama nyuma ya watu, ameukumbatia msalaba ulionyooka, mweupe, macho makavu. Na mtanisamehe au msinisamehe, hata pale nilimwonea wivu. Mimi nilikuwa nimepewa kilio chote cha msiba na yeye hajapewa hata kitambaa, lakini msalaba alikuwa nao yeye.

Baada ya kuusimika akanisogelea, akanong'ona, "Ulivaa miwani gani?"

Nikamwambia ya jua.

"Na mimi mara ya kwanza nilivaa hiyo hiyo, Babu akanicheka wiki nzima. Kaweke kitambaa cha maji baridi." Akatazama huku na huku. "Kazi yako nimeisaga yote kwa grenda. Ila pale chini kabisa, kwenye mguu ulioingia ardhini, tone lako moja lilikuwa limeshika vizuri. Nimeliacha."

Hapo ndipo nilipolia machozi yale mengine, ya kweli, na kwa jinsi macho yalivyokuwa hakuna aliyejua tofauti isipokuwa mimi. Angenisema kwa watu, ningepata cha kumchukia. Sasa tone langu liko kule chini na Babu, na nimepewa na mtu niliyekwenda kumnyang'anya.

Kama kuna msomaji anayejiuliza kama anunue kimashine cha nyumbani cha bei ya chini, nilichojifunza ni hiki: kinafaa, ukiwa na umeme wa kueleweka, ngao ya uso inayoitwa ngao, na subira ya kukisubiri kipoe. Lakini kwanza jibu swali la Babu. Bibi anahamia kwa mwanawe, na juzi alimwambia mama kwamba, kwa kuwa nilimpenda sana marehemu, kimashine atatuuzia sisi kwanza, tena kwa bei ya kuagana. Mama alinikuta kitandani, kitambaa usoni. Muuguzi wa zahanati alikuwa ameshamwambia haya ni macho ya wachomeleaji, na kaka alikuwa ameshaleta miwani yake yenye madoa ya cheche. Mama akakaa, akaniuliza taratibu ninataka kuunga nini. Nikatafuta. Kitanda chetu kizima, kuku hatuna tena. Nilichotaka ni kuonekana nimekishika, na yule binti aone. Mama akanipindulia kitambaa upande wa baridi, akanyanyuka, na akiwa mlangoni akasema:

"Nimemwambia Bibi ampe yule binti. Na siku yangu ikifika, mwanangu, wewe usichomelee kitu. Nililie tu, na macho yako yakiwa mazima."