Ndege Wanahesabiwa

Kila Januari tunakwenda Ziwa Singidani kuhesabu ndege wa majini. Tuko wachache, wote wa kujitolea: mwalimu mwenzangu mstaafu, vijana wawili wa chuo, bwana mmoja mwenye darubini nzuri kuliko zetu ambaye hachoki kutukumbusha jambo hilo, na mimi. Tunaanza alfajiri, kabla upepo wa Singida haujaamka. Ukishaamka, mikono inatetemeka, macho yanajaa vumbi, na hapo kazi imekwisha.

Kundi kubwa huwezi kulihesabu ndege mmoja mmoja. Unahesabu kumi kwa uhakika, unakariri ukubwa wa fungu hilo, kisha unalihamisha kwa macho juu ya kundi zima, na kwa kila fungu unabonyeza kidude cha chuma kilichomo kiganjani. Kinalia tik, namba inapanda. Mwenzako anaandika. Vijana wanasema nina jicho kali. Hawajui kwamba nikimaliza kundi narudia, na nikimaliza kurudia natamani kurudia tena, kwa sababu kila mara naona kuna mmoja nimemwacha.

Kwa miaka kadhaa nilimficha mama yangu kazi hii. Ninaishi naye Utemini tangu miguu yake ianze kumsumbua, na kila nilipotoka alfajiri na kofia yangu nilimwambia naenda kuangalia ndege. Sikudanganya, nilipunguza maneno tu. Kuangalia hakuna ubaya. Kuhesabu ni jambo jingine, na katika nyumba yetu ni jambo zito.

Bibi mzaa baba alitulea tukijua kwamba kiumbe hai hahesabiwi. Si mtoto, si ng'ombe, si kifaranga. Ukimtaja kwa namba umemwonyesha kwa kitu kinachomtafuta. Ng'ombe walipoingia zizini, babu alimjua aliyepotea kwa rangi na pembe zake. Sisi watoto tulijulikana kwa bakuli: kila mmoja alikuwa na lake, na bakuli ambalo halijaguswa lilisema lenyewe. Mama aliolewa akaikuta sheria hiyo, akaishika kuliko wenyewe. Miaka yote, aliyemuuliza ana watoto wangapi alijibiwa, "Wapo." Karani wa sensa, binti wa watu mwenye kishikwambi, aliuliza mara tatu na mara tatu akajibiwa "wapo". Nilipojibu mimi kwa niaba yake, mama aliinuka akaenda jikoni na hakutoka huko mpaka binti alipoondoka. Nilicheka siku ile, lakini kicheko chenyewe hakikufika mbali.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Kijiji chetu kilikuwa ng'ambo ya ziwa, baba mdogo alikuwa anaoa, nyumba zote tatu za ukoo zimejaa binamu. Sisi watoto tulitumwa ziwani kukwangua magadi ya kulainishia maharage ya wageni. Ilikuwa Julai. Maji yalikuwa yamerudi nyuma na ukingo umebaki mweupe, unavunjika chini ya miguu. Mimi ndiye mkubwa, kwa hiyo msafara ulikuwa wangu. Mdogo wangu wa mwisho, wa miaka mitano, alilia mpaka akaruhusiwa kuja.

Heroe walikuwa wengi, wale ndege warefu wa rangi ya waridi, wamesimama kwenye maji ya kina kifupi wakipiga kelele bila kupokezana. Mdogo wangu hakuwahi kuwaona kwa karibu. Aliniuliza nani amewapaka rangi. Nilikuwa na kazi mkononi na sikuwa mtoto mvumilivu, nikamjibu, "Mimi nitajuaje? Waulize wenyewe."

Jua lilipoinama tukajitwika mizigo. Nilisimama nyuma ya wenzangu nikaanza kuwahesabu kwa siri, kwa macho tu. Shuleni nilikuwa hodari wa namba, na namba zilikuja zenyewe bila kuitwa. Nilifika tano. Hapo nikamkumbuka bibi, nikakatisha. Niliogopa kwamba nikiendelea mmoja wao atadhurika. Niliwatazama kwa jumla, nikaona ni wengi, nikasema twendeni.

Nyumbani ngoma zilikuwa zimeshaanza. Tulilishwa kwenye masinia pamoja na wageni, bakuli zetu hazikutolewa. Watoto walilala walipopata nafasi, huyu kwa bibi, yule kwa shangazi, na kila mama alijua wake yuko nyumba ya pili. Wachungaji ndio waliomkuta mdogo wangu asubuhi. Hakuzama. Tope lilimshika mapajani, karibu na pale heroe walipokuwa, na baridi ya Julai ikafanya yaliyobaki. Lazima aliita. Ndiyo sababu kelele za heroe siwezi kuzisikiliza kama watu wengine wanavyozisikiliza. Najikuta natafuta ndani yake sauti nyingine, na kuna siku naipata.

Hakuna aliyenigombeza. Afadhali wangenigombeza. Mama hakuniuliza neno. Aliacha kisomo, lile darasa la watu wazima alilokuwa amelianza mwaka ule kwa furaha kubwa, na daftari lake lilibaki limechomekwa kwenye boriti za tembe letu mpaka panya wakalimaliza. Ziwani hakukanyaga tena, na kila nyumba aliyoishi alilifunga dirisha linaloelekea huko. Nami nikabaki na swali ambalo nimezeeka nalo. Je, mama anajua kwamba nilianza kuwahesabu? Na kama anajua, ananilaumu kwa kuanza, au kwa kuacha?

Ziwa la sasa si lile. Miaka ya karibuni limepanda, limemeza mashamba na njia za zamani, na miti iliyofia ndani imesimama mikavu, mnandi, wale ndege weusi wapiga mbizi, wakikaa juu yake kuanika mabawa. Pale tulipokwangua magadi sasa ni majini kabisa, wari, wale wenye mfuko chini ya mdomo, wanapita juu yake taratibu. Ukingoni wapo wale ndege wadogo wembamba wanaotoka nchi za baridi, wanakimbia huku na huku wakidonoa tope. Mwezi wa nne hutawaona tena. Mimi huwatazama miguu. Wanakanyaga tope lilelile na haliwashiki, na kusema kweli kuna asubuhi nawachukia kwa hilo.

Januari hii kidude kilinisaliti. Mama alikuwa anatafuta dawa yake ya presha kwenye mkoba wangu, kikalia mkononi mwake.

"Hiki nini?"

"Cha kazi, mama."

"Kazi gani? Si umestaafu wewe?"

Nikaona nitaficha mpaka lini. "Cha kuhesabia ndege wa ziwani."

Alikibonyeza tena, akatazama namba ikibadilika, akakirudisha mkobani kwa uangalifu. Siku mbili hakunisemesha zaidi ya salamu. Nilijua nimeharibu. Nilipika mlenda anaoupenda, akala bila kusifia wala kukosoa, na mama yangu asipokosoa chakula ujue mambo ni mabaya. Siku ya tatu, tukinywa chai, akasema, "Jumamosi nitakwenda na wewe."

Tulichukua bajaji. Nilimbebea kiti cha plastiki na blanketi, nikamweka mahali pakavu nyuma ya mwamba unaozuia upepo. Wenzangu walikuja mmoja mmoja kumwamkia, naye akaitikia marahaba zake bila haraka. Yule bwana wa darubini alimvalisha darubini yake shingoni, yeye ambaye hata mimi hajawahi kuniazima. Mama hakuiweka machoni. Aliishika tu mapajani, uso umeelekea majini.

Wenzetu walikwenda kwenye sehemu zao. Heroe walikuwepo, si wengi, kundi moja upande wa mashariki, na kelele zao zilitufikia vizuri kwa sababu upepo ulikuwa haujaanza. Niliinua darubini yangu. Nilihesabu kumi, nikapoteza. Nikaanza tena, nikapoteza tena.

"Mbona husikiki?" mama aliuliza.

"Nahesabu."

"Huhesabu. Kile kidude hakijalia."

Nilishusha darubini. Akahamia Kinyaturu, lugha tunayoitumia mambo yakiwa ya ndani. Aliniuliza, "Siku ile, wenzako uliwahesabu?"

Zaidi ya miaka arobaini nilikuwa nimejiandalia jibu la swali hilo, refu, lenye maelezo. Yote yalinitoka. Nikasema, "Nilifika tano. Nikamkumbuka bibi, nikaacha."

Aliitikia kwa kichwa. Nilisubiri hukumu. Nilijiona nina miaka kumi na mmoja, mzigo wa magadi kichwani.

"Mlikuwa tisa," akasema.

Nilidhani nimesikia vibaya. Kwetu hakuna mtu aliyejua namba hiyo. Ndilo jambo lililonitesa kila nilipojaribu kujitetea: hata ningewahesabu wote, ningelinganisha na nini, kama hakuna aliyejua tulitoka wangapi?

"Niliwahesabu mimi," mama akasema. "Nimesimama mlangoni mkitoka. Wiki ile mwalimu wa kisomo alikuwa ametufikisha kumi, na mimi nilikuwa nahesabu kila kitu, mafiga, vifungo vya gauni, mbegu za boga. Mkapita mbele yangu nikajikuta nimewahesabu kabla sijajizuia. Tisa. Nikafurahi. Nikasema vizuri hawajapita kumi, ningeshindwa."

Alikuwa anakunja ncha ya kitenge chake na kuikunjua.

"Jioni mkarudi. Nilikuwa mlangoni tena. Nikasema asubuhi nimeshawafanyia ubaya, nisirudie. Mlipoanza kupita nikafumba macho."

Kwa miaka yote hiyo nilimwona akifunga dirisha linaloelekea ziwani nikadhani ananifungia mimi. Nilikuwa na tano zangu, yeye alikuwa na tisa zake, tumelala nyumba moja, na hakuna aliyempelekea mwenzake namba yake. Nililia kwa sauti, mtu mzima na mvi zangu, mpaka mwalimu mwenzangu akasimama kule mbali akatuangalia. Mama hakunibembeleza. Aliniacha nimalize, kisha akanipa ncha ya kitenge.

"Sasa wahesabu hao," akasema. "Polepole. Mimi naandika."

Nikahesabu. Mama aliweka karatasi juu ya goti na kuandika kila namba niliyomtajia, mkono mzito, tarakimu kubwa zinazopanda mlima, zile nilizoziona kwenye daftari la boriti nikiwa mtoto. Nilipomaliza nilitaka kurudia kama kawaida yangu. Akanikataza, akasema zinatosha.

Upepo ulipoanza tuliita bajaji. Dereva alikuwa kijana mchangamfu, alimwamkia mama, akamsaidia kupanda, na kabla hatujafika barabarani akawa ameshaanza soga.

"Bibi una bahati wewe, binti anakutembeza kuangalia ndege! Una watoto wangapi, bibi?"

Nilishajiandaa kusikia "wapo". Hata mdomo wangu ulikuwa umeanza kufunguka nimjibie.

"Wawili," mama akasema kwa Kiswahili, wazi kabisa. Mimi na mdogo wangu anayenifuata, aliyeko Dodoma.

Dereva akasema Mungu awatunze, akaongeza mwendo. Mama aligeuka akalitazama ziwa kupitia kidirisha cha turubai la nyuma, akalitazama mpaka miamba ilipolificha. Kisha akaniinamia sikioni, kwa lugha yetu, dereva asisikie.

"Watatu," akasema.